Wakili Hana Mali Yake: Fundisho Tulilopewa na Musonoi

Kando ya mji wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, iko sehemu iitwayo Musonoi. Wafanya biashara wa dunia wanaijua kwa ajili ya shaba na kobalti, maana udongo wake una madini mengi, na watu wamekuwa wakiyachimba huko tangu zamani za ukoloni. Lakini leo hatupendi kuzungumza nanyi habari ya shaba peke yake. Tunataka kuzungumza habari ya mali nyingine iliyopatikana katika kambi ya wachimba madini ya Musonoi, mali isiyopimwa kwa mizani wala kupakiwa katika gari la moshi.

Kwanza tukumbuke mfano wa Bwana wetu Yezu Kristu katika Injili ya Luka, sura ya 16. Tajiri mmoja alikuwa na wakili, naye akaitwa kutoa hesabu ya kazi yake. Wakili ni nani? Ni mtu anayeshika funguo za nyumba isiyo yake. Anaweza kufungua ghala na kugawa chakula, na watumishi wanamsikiliza, lakini siku atakapoitwa mbele ya mwenye nyumba, hatasema, "Hii ni yangu." Atasema tu, "Hivi ndivyo nilivyofanya." Sisi sote ni mawakili wa namna hiyo. Je, tunaishi kama mawakili, ama tunaishi kama wenye nyumba?

Padre aliyejifunza kuinama

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni kubwa ya madini ya Katanga, Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka ule ule, huko Berlaar katika nchi ya Ubelgiji, alizaliwa mtoto ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Padre Placide Tempels. Aliingia katika shirika la Wafransisko, akapewa upadre mwaka 1930, na mwaka 1933 akafika Kongo.

Kwa muda wa miaka kama kumi alifundisha kwa namna ya wakati ule: yeye ni mwenye kujua, watu ni wenye kusikiliza. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba alikuja kama bwana mkubwa mwenye kuleta ujumbe, lakini mioyo ya watu haikuguswa. Ndipo akageuza njia yake. Badala ya kusema, akaanza kuuliza: Ninyi ni watu gani? Mnatamani nini katika maisha yenu? Mnaogopa nini? Akakaa, akasikiliza. Mwaka 1945 mawazo yake yalitolewa huko Elisabethville katika kitabu kiitwacho *La philosophie bantoue*. Kitabu hicho kilileta ugomvi mwingi. Wakubwa fulani hawakukipenda, na tangu mwaka 1946 mpaka 1949 Padre alikaa kwao Ubelgiji. Hata wataalamu wa Kiafrika wamekipima tangu hapo, wakaona kasoro zake. Lakini jambo moja halikanushwi: padre huyu alitambua kwamba hawezi kumfundisha mtu asiyemjua.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchimba madini anaijua methali hii kwa mgongo wake mwenyewe. Lakini hata mwalimu, hata padre, hata mzazi, akitaka kuipata mali iliyo ndani ya roho ya mtu, sharti ainame vile vile. Sisi tuliolelewa katika shule za misioni na seminari tunaijua hatari hii. Tumejaa maneno mengi, na mara nyingi tunadhani kwamba maneno mengi ni hekima. Yule Farisayo aliyesimama hekaluni alisema ya kweli juu ya kufunga kwake na zaka zake. Kosa lake ni kwamba alihesabu kana kwamba mali ile yote ilikuwa yake mwenyewe. Unyenyekevu, basi, si kujidharau. Ni kukumbuka kwamba ulicho nacho umekabidhiwa.

Baba na mama wa Musonoi

Katika miaka ya 1950 Padre Tempels alifanya kazi kati ya wachimba madini wa kambi ya Musonoi. Hebu tufikiri maisha ya watu wale. Walitoka mbali, wa makabila mbalimbali. Nyumba waliyolala ni ya kampuni. Posho ni ya kampuni. Hospitali ni ya kampuni. Mashimo waliyoshuka ni ya kampuni. Mtu akifukuzwa kazi, alifukuzwa na nyumbani pia. Basi tujiulize: mtu asiye na hata mlango ulio wake, utamfundishaje habari ya uwakili?

Hapo ndipo ajabu ya Musonoi. Padre na watu wake walipozungumza pamoja, walitambua kwamba kila mwanadamu anatamani mambo matatu, nayo wakayaita kwa Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Mtu anataka kuwa mzima, si nusu mtu. Anataka kuzaa, si kwa mwili tu, bali hata kwa roho. Anataka kupenda na kupendwa. Mambo hayo matatu kampuni haikuyatoa, wala haikuweza kuyaondoa. Ni amana ya Mungu mwenyewe, na ukamilifu wake waliuona katika Yezu na Mama yake Bikira Maria. Mtu ambaye daftari ya mishahara ilimhesabu kuwa fundi au kibarua tu, akajiona wakili wa mali kuu.

Chama hicho kikaitwa Jamaa. Hakikuwa na kadi, wala ada, wala ofisi. Mume na mke waliingia pamoja, si mmoja peke yake, wakaitwa baba na mama. Padre naye hakusimama mbali, bali alihesabiwa kuwa mmoja wao. Kutoka Musonoi jamaa hiyo ikaenea mpaka Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mpaka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na hata Kasai. Mtaalamu Johannes Fabian alikwenda Katanga katika miaka ya 1966 na 1967 kuchunguza habari zake, akatoa kitabu juu yake mwaka 1971.

Angalieni, ndugu, mahali ilipoanzia haki yao. Haikuanzia barazani wala katika mikutano ya wakubwa. Ilianzia nyumbani, kati ya mume na mke. Maana ni rahisi kuonekana mtu mwenye haki mbele ya watu, shida iko mezani na chumbani. Mume anayemwita mkewe mama kwa moyo wote, atawezaje kumficha mshahara wake? Mke anayemwita mumewe baba, atawezaje kumtangaza aibu zake kisimani? Mtakatifu Yosefu aliitwa mtu mwenye haki, na Injili haikutuandikia hata hotuba yake moja. Imetuonyesha tu jinsi alivyomchukua Maria nyumbani kwake na kumlinda Mtoto asiye wake. Huyo ndiye wakili kamili. Baba Mtakatifu Pius XII, mwaka 1955, aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanya kazi.

Hata kipaji cha Mungu chaweza kuibiwa

Tusiseme nusu ya kweli. Baadaye baadhi ya vikundi vilivyotokana na Jamaa vilipotoka. Watu wengine walianza kujivuna kwa ujuzi wa siri, wakajitenga na wenzao, na mafundisho yao juu ya mapendo yakaingia machafuko. Katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuonya na kuweka masharti makali, na wako waliotengwa na Kanisa. Padre Tempels mwenyewe alikuwa amekwisha rudi Ubelgiji mwaka 1962. Hakurudi tena Kongo. Alikaa kimya katika nyumba ya shirika lake mjini Hasselt, akafariki tarehe 9 Oktoba 1977.

Je, habari hii inaharibu fundisho letu? Hapana, inalithibitisha. Si fedha tu inayoweza kuibiwa na wakili. Hata sala yaweza kuibiwa, hata elimu, hata cheo cha ukatekista. Siku mtu anaposema, "Neema hii ni yangu, ninyi wengine hamjui kitu," siku hiyo ametia mfukoni mali ya Bwana wake.

Kilicho chini ya kitanda

Sasa tutazame siku zetu. Tangu mwaka 1967 kampuni ile ya zamani haimiliki tena migodi yake ya Katanga, maana serikali iliichukua; baadaye yakaja makampuni mengine kutoka nchi nyingi. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Kobalti imekuwa kitu cha kutafutwa sana kwa ajili ya betri za simu na za motokari, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo.

Mwaka 2014 mtu mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, alichimba katika uwanja wa nyumba yake, akakuta mawe yenye kobalti. Habari ikaenea. Muda si mrefu majirani wakatoboa sakafu za vyumba vyao, na methali ile ya wahenga ikageuka kuwa kweli mbele ya macho: mali ilikuwa mvunguni kabisa. Mashimo yakapita chini ya nyumba za wengine, kuta zikapasuka, na watu wakafukiwa. Mwaka 2017 wakuu wa jimbo walihamisha jamaa nyingi za sehemu moja ya mtaa huo, ukuta ukajengwa, na uchimbaji ukawekwa chini ya utaratibu wa kampuni moja. Na tarehe 27 Juni 2019, katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka ukaua wachimbaji zaidi ya 30.

Hatutaki kumhukumu maskini anayeshuka shimoni. Anayetaka kumhukumu aulize kwanza watoto wake wamekula nini jana. Wala hatutaki kusema kwamba uwakili ni kazi ya maskini peke yake. Yezu alifundisha kwamba kila mtu ataulizwa kwa kadiri ya alivyokabidhiwa. Basi mwenye kampuni ataulizwa zaidi kuliko kibarua. Mkuu wa serikali ataulizwa zaidi kuliko raia. Na mnunuzi mwenye mizani ya uongo, anayempunja mchimbaji kilo kumi katika gunia lake, ajue kwamba iko mizani nyingine inayomngoja. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba ya wote, na ya kuwa sisi si mabwana wake wa kuipora.

Lakini kila mmoja aanze kwake. Tuseme baba mmoja amechimba sakafu yake, na shimo limefika mpakani. Mkono mmoja zaidi, naye atakuwa chini ya chumba ambamo watoto wa jirani wanalala. Hakuna askari anayemwona kule chini gizani. Hakuna padre, hakuna hakimu. Mshipa wa mawe mazuri unaendelea mbele, na karo ya shule haijalipwa. Hapo ndipo haki ya Mkristu inapopimwa. Wakili akumbuke: ardhi si yangu, jirani si wangu, hata pumzi ninayovuta humu si yangu. Akiweka chini suruali yake ya kazi na kupanda juu na gunia nusu, malaika wamemwona.

Na watoto je? Uzazi, walisema wale baba na mama wa Musonoi, ni amana. Mtoto si mkono wa kuokota mawe. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika Kolwezi mwaka 2012, wamewatoa watoto wengi katika kazi ya madini na kuwarudisha darasani, na wamewasaidia wazazi kulima ili wapate chakula kwa njia nyingine. Sisi walimu tunajua uzito wa kazi hiyo. Kiti kitupu darasani ni hesabu ambayo mtu fulani ataitwa kuitoa.

Tujiulize jioni hii

Ndugu wasomaji, kabla ya sala ya jioni, baba na mama wakae pamoja, wajiulize maswali matatu. La kwanza: leo nimemsikiliza nani, ama nimesema tu? La pili: liko jambo gani ninalomficha mwenzangu, ambalo nisingependa alijue? La tatu: kati ya vitu nilivyoshika leo mikononi, fedha, kazi, ardhi, watoto, ni kipi nilichokitumia kana kwamba sitaulizwa?

Watu wa kambi ya Musonoi hawakuwa na mlango wa kuita wao. Walikufa wengi wao bila kuacha urithi wa fedha. Lakini walijua kitu ambacho wenye migodi mara nyingi husahau: kwamba mtu aweza kushika shaba yote ya Katanga akawa mtumishi asiyefaa kitu, na mwingine akashika uzima, uzazi na mapendo peke yake, akaitwa mwaminifu. Mtakatifu Yosefu, mtu mwenye haki, atuombee, ili tutakapoitwa kurudisha funguo, tuzirudishe bila kuona haya.