Unapobadilisha chujio la tangi la samaki, linda mkono wako pia

Mama mmoja wa miaka 50 hivi alinijia kliniki akiwa amefunga kidole cha shahada kwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na uvimbe wa rangi ya zambarau, mkubwa kama punje ya mahindi, uliopasuka katikati. Vivimbe vingine viwili vilikuwa vimejipanga nyuma ya mkono kuelekea kwenye kiwiko.

"Daktari, huu ni mwezi wa tano," alisema. "Nimeambiwa ni jipu, nikaambiwa ni ukungu. Tembe nimemeza, mafuta nimepaka. Mimi nimechoka."

Nilimuuliza mikono yake hufanya kazi gani nyumbani. Alitaja kupika, kufua na kupalilia mboga. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akaongeza kuwa huosha tangi la samaki la mjukuu wake. Chujio lilikuwa limeharibika, wakanunua jipya na kutupa la zamani. Muda si muda samaki wakaanza kufa mmoja mmoja, naye akawa anasugua lile tangi kila siku akidhani ni uchafu. Siku hizo kidole chake kilikuwa kimekatwa na kisu alipokuwa akikatakata sukuma wiki.

Hayo ndiyo aliyokosa kuulizwa kwa miezi mitano. Msomaji, ikiwa una tangi la samaki sebuleni, kisa hiki kinakuhusu.

Kwa nini samaki walikufa?

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya chujio ni kunasa takataka tu. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia kupitia matamvua na kinyesi chake. Chakula kinachooza majini huongeza sumu hiyo. Ndani ya sponji ya chujio huishi bakteria wema ambao hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa mradi tu maji yabadilishwe mara kwa mara.

Bakteria hawa hawauzwi pamoja na chujio jipya. Huchukua muda wa majuma manne hadi sita kuzaana na kutosha kazi. Ukitupa chujio la zamani siku unayoweka jipya, umefukuza wafanyakazi wote kwa siku moja. Maji yataonekana safi kama ya chemchemi, ilhali yamejaa sumu. Yule mama, kila aliposugua kuta na changarawe kwa maji ya mfereji, aliwaua hata bakteria wachache waliosalia.

Namna ya kubadilisha chujio

Kwanza, chomoa stima kabla ya kutia mkono majini. Unaporudisha, hakikisha waya unaning'inia chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili matone ya maji yaanguke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Pili, usitupe chujio la zamani. Ikiwa bado linafanya kazi, yaache yote mawili yafanye kazi pamoja kwa majuma manne hadi sita, kisha uondoe la zamani. Ikiwa limeharibika kabisa, toa sponji yake ingali na unyevu na uitie ndani ya chujio jipya. Kama haitoshei, ikate vipande.

Tatu, sponji isioshwe kwa maji ya mfereji yenye klorini, wala kwa sabuni. Chota maji ya tangi kwenye karai, ukamue sponji humo mara mbili tatu, basi. Ikibaki na rangi ya kahawia usijali.

Nne, tazama nguvu ya maji. Chujio jipya aghalabu husukuma maji kwa nguvu kuliko lile kuukuu. Ukiona samaki wamejibanza pembeni au wanasukumwa huku na huku, elekeza mdomo wa chujio kwenye kioo ili nguvu ipungue.

Tano, punguza chakula katika majuma ya kwanza. Wape kidogo tu mara moja kwa siku, wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili.

Wakianza kuhema juu ya maji, matamvua yakawa mekundu, au wakikataa chakula, badilisha robo hadi nusu ya maji siku hiyo hiyo. Maji mapya yawe na joto sawa na yale ya tangi, na yasiwe na klorini. Maduka ya samaki huuza dawa ya kuondoa klorini. Kuacha maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24 pia husaidia, ila si kwa kila aina ya klorini.

Stima ikipotea kwa saa nyingi, bakteria ndani ya chujio hukosa hewa na kufa. Kabla ya kuliwasha tena, kamua sponji kwanza ili uozo usimwagike tangini.

Huenda watoto wako wanamfahamu aksolotli, yule mnyama wa Mexico mwenye matamvua kama manyoya kichwani, ambaye tangu mwaka wa 2021 yumo katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Kwa anayemfuga, kanuni ni hizi hizi, ila yeye ni dhaifu zaidi. Hutaka maji baridi ya nyuzi 16 hadi 18 na yasiyo na mkondo mkali. Ukiweka chujio lenye nguvu nyingi, matamvua yake hujikunja kuelekea mbele naye huacha kula. Hiyo ni ishara ya kupunguza nguvu ya maji mara moja.

Na mkono wako je?

Kiini kilichomshika yule mama huitwa Mycobacterium marinum. Ni jamaa ya kiini cha kifua kikuu. Kilitambuliwa mwaka wa 1926 katika samaki waliokufa kwenye hifadhi ya samaki ya mji wa Philadelphia, Marekani. Huishi majini, na huingia mwilini kupitia mkato au mkwaruzo, hata ule usioutambua. Hakiambukizwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, kwa hivyo usimtenge mgonjwa wala vyombo vyake.

Uvimbe hujitokeza majuma mawili hadi manne baadaye, na mara nyingine miezi kadhaa, wakati ambapo mtu ameshasahau alipojikata. Huwa mwekundu au wa zambarau, hauumi sana, na haukui haraka. Hiyo ndiyo hila yake. Kiini hiki hupenda ubaridi wa nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hukaa kwenye vidole, viwiko na magoti badala ya kuingia ndani ya mwili. Lakini kikiachwa hufika kwenye kano na viungo, na kidole kinaweza kukakamaa.

Ili kukitambua, daktari hukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Ni lazima maabara iambiwe kwamba mgonjwa anafuga samaki, kwa sababu kiini hiki hakioti vizuri katika joto la kawaida la vipimo, nyuzi 37. Asipoambiwa, mpimaji anaweza kurudisha jibu kwamba hakuna kitu.

Dawa zipo, na nyingi hupatikana humu nchini. Aghalabu mgonjwa hupewa mbili kwa pamoja, kwa miezi mitatu au zaidi, na huendelea kuzimeza hata baada ya kidonda kufunga. Usijinunulie dukani. Tembe za siku tano haziwezi kazi hii.

Jikinge hivi

Vaa glavu ndefu za mpira zisizo na tundu. Ukiwa na kidonda mkononi, mwachie mwingine kazi hiyo. Usivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira, kama wafanyavyo wengi. Usioshee chujio kwenye sinki la vyombo vya jikoni, wala kutumia sufuria ya kupikia. Nawa kwa sabuni na maji mengi ukimaliza.

Watoto wa chini ya miaka mitano, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wanaotibiwa saratani na wote wenye kinga dhaifu wasisafishe tangi. Wanyama wengine wa majini, hususan kasa, vyura na aksolotli, hubeba pia viini vya Salmonella ambavyo huleta kuhara kubaya kwa mtoto mchanga.

Yule mama alimeza dawa kwa miezi minne. Vidonda vilipona, ila kidole chake hakikunji sawasawa mpaka leo. Kingalikunja, lau tungaligundua mapema. Kwa hivyo ukiwa na kidonda cha mkono ambacho kimepita majuma matatu bila kupona, usingoje daktari akuulize. Mwambie wewe mwenyewe: "Nyumbani nafuga samaki."