Simu ya Mezani kwa Nyumba Yenye Wazee: Igeuze Kwanza Kabla ya Kulipa

Katika kutembelea vikundi kuna jambo moja ambalo tumeulizwa tena na tena, nalo ni simu ya nyumbani. Hatusemi ile ya mfukoni. Twasema simu ya mezani, ile inayokaa pahali pamoja, yenye risiva na waya wa kujikunja.

Wengine watacheka. Nani ataka simu ya mezani siku hizi? Basi sikilizeni. Kikundi kimoja cha akina mama wanaouza viungo na mboga hapa Marikiti walitueleza yaliyompata mwenzao anayeishi Mji wa Kale. Asubuhi wakubwa wote walitoka, kila mtu na simu yake. Nyumbani akabaki bibi na mjukuu wa miaka saba. Bibi akateleza kwenye ngazi ya uani, nyonga ikaumia, asiweze kuinuka. Mtoto alikuwa ameihifadhi namba ya mamake vizuri kabisa, lakini hakuwa na cha kupigia. Jirani nao walikuwa wametoka. Ikabidi atoke mbio mpaka sokoni kumtafuta mama katikati ya watu na mikokoteni. Bibi alilala sakafuni muda wa saa mbili na zaidi. Alipona, ila hatembei kama zamani.

Kikundi kikakata shauri: fedha za mzunguko za mwezi ule zitumike kununulia simu nyumba sita zenye wazee. Wazo zuri sana. Wakamtuma mmoja wao dukani, akarudi na simu sita nyeupe, safi, za bei nafuu. Hakuna hata moja iliyofanya kazi. Zilikuwa simu za kuchomekwa kwenye waya wa ukutani, na katika nyumba zote sita hapakuwa na waya ulio mzima. Muuzaji akakataa kuzichukua kwa sababu maboksi yalikuwa yamefunguliwa na risiti hawakuomba. Fedha za watu ishirini zikaishia kabatini. Ndiyo sababu twaandika haya.

Ukiziangalia kwa mbele simu hizi zafanana kama mapacha. Kwa hiyo usianze na rangi wala bei. Igeuze. Ukiona nyuma yake kuna tundu dogo la mraba la kuchomeka waya mwembamba wa simu, na hakuna mahali pa betri kubwa wala pa kadi, hiyo ni ya waya. Ukifungua kifuniko cha chini ukakuta betri, na chini ya betri kijumba cha kutia kadi ya laini kama ya simu ya mkononi, hiyo ni ya laini. Ina chaja yake, na mara nyingi ina antena. Jambo hili huchukua dakika moja tu, na lingewaokoa wale akina mama.

Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza. Wakati wa Shirika la Posta na Simu mtu aliomba laini akangoja, pengine miaka, mpaka fundi aje avute waya kutoka nguzoni. Mwaka 1999 shirika lile liligawanywa, na upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kuanzia mwaka 2000 Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel, wakauza laini za mkononi kwa wingi. Huku nyuma waya za shaba zikawa zaibwa nguzoni usiku, na nyumba nyingi zilizokatikiwa hazikurudishiwa. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna kisanduku cha zamani ukutani, na baba aikumbuka namba yenu tangu Mombasa ikiitwa 011 kabla ya kuwa 041, hiyo haimaanishi waya uko hai. Azima simu ya waya, ichomeke, inua risiva, usikize. Ukisikia mlio mrefu usiokatika, laini ipo. Ukisikia kimya, usinunue simu ya waya mpaka uulize kampuni kama watakuja kuutengeneza, nao wakupe jibu kwa maandishi.

Wenye waya mzima wana bahati moja. Waya wa simu huleta stima yake wenyewe, volti 48 hivi, kutoka kwa mabetri makubwa ya eksichenji. Ndiyo maana simu ya kawaida, isiyo na mapambo, hulia hata taa zikizimika mtaa mzima. Ile ambayo risiva yake haina waya haina sifa hiyo, kwa sababu kitako chake chataka stima ya nyumba. Na kama mna intaneti ya waya wa kioo, na simu imechomekwa kwenye kisanduku cha intaneti, basi kisanduku kikikosa stima na simu hunyamaza. Tumekuta watu wakiamini vingine.

Lakini wengi wenu, na hasa nyinyi mnaoleta nazi, ndizi na mihogo sokoni kutoka Kwale na Kilifi, mtanunua ile ya laini. Basi tuikalie hiyo kidogo.

Nenda dukani na kadi yako yenye salio. Mwambie muuzaji aitie ndani, kisha piga simu ukiwa pale pale kaunta, na mwenzako akupigie. Usikubali kuambiwa inafanya kazi, we lipa tu. Bonyeza namba zote, 0 mpaka 9, pamoja na nyota na reli. Inua risiva na uirudishe mara kadhaa: kile kidude inachokalia kiruke upesi, kwa maana kikikwama simu itakaa kama iko wazi na hakuna atakayewapata. Vuta taratibu waya wa kujikunja pande zote mbili huku mtu akizungumza. Sauti ikikatika, kuna kasoro.

Halafu uliza inashika mtandao gani. Nyingi za bei rahisi zashika 2G peke yake. Hapa Kenya 2G ingali inafanya kazi, lakini nchi nyingine zimekwisha kuizima, kwa mfano Singapore mwaka 2017, na simu ya nyumbani hununuliwa ikae miaka. Kama kikundi chaweza kuongeza kidogo, chukueni inayoshika 4G. Na ukiuziwa kwa bei ya kutupa zile za mezani za miaka ya 2008 hivi, ambazo namba ilifungwa humo humo ndani, ziache. Mtandao wake ulizimwa.

Jambo ambalo vikundi husahau kabisa ni kumchukua mwenyewe. Simu si ya mweka hazina, ni ya bibi. Kama aweza kutembea, aende dukani aishike. Je, namba aziona bila miwani? Kitufe akibonyeza chatoa mlio? Sauti ya kulia yaweza kuongezwa hadi aisikie akiwa jikoni? Wazee wenye mikono inayotetemeka wapenda vitufe vikubwa vilivyoachana, na risiva nzito kidogo huwatulia mkononi. Skrini yenye rangi na redio ndani ni starehe tu, nazo hula betri. Bora zaidi ni vile vitufe vya kuwekea namba, kimoja cha mwana, kimoja cha jirani. Tulimwona mzee mmoja asiyejua kusoma akibandika kipande cha kanga juu ya kitufe cha binti yake. Hakukosea hata siku moja.

Kisha mahali pa kuiweka. Nyumba za Mji wa Kale kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na vyumba vya ndani huwa havishiki netiwaki vizuri. Kabla ya kupigilia msumari, tembea na simu ya mkononi ya kampuni ile ile chumba kwa chumba. Mara nyingi utaipata karibu na uani au dirishani. Lakini dirisha linaloelekea bahari lina hewa ya chumvi, nayo hula vyuma vya ndani, kwa hiyo isogeze kando na uipanguse kwa kitambaa kikavu. Na iwe chini! Meza ndefu yapendeza macho, lakini aliyeanguka hawezi kuifikia. Kwenye meza fupi ataushika waya aivute simu mpaka alipo. Hapo ndipo waya huishinda simu ya mfukoni.

Vijijini pasipo stima, betri ndiyo roho. Uliza hukaa siku ngapi bila kuchajiwa, na kama mwachaji kwa sola, volti zinazotoka ziwe sawa na zilizoandikwa kwenye chaja. Zikizidi, mwaiunguza.

Laini yenyewe isajiliwe kwa kitambulisho cha mtu wa nyumba hiyo, si cha mwenyekiti. Tumeona ugomvi mkubwa hapo mwenyekiti alipohama. Fedha za kikundi zisiwekwe katika laini hiyo, maana simu iko wazi kwa kila apitaye. Tena laini isiyotumika miezi kadhaa kampuni huifunga, kwa hiyo mtoto apige kila Jumapili, hata kwa shangazi, na hapo hapo atakuwa anajifunza.

Mwisho, risiti yenye tarehe na waranti, kila simu na yake. Na karatasi ukutani, kwa herufi kubwa: namba ya mama, ya jirani, 999 ya polisi, 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 ya kusaidia watoto. Akina mama wa Marikiti walichangishana tena baada ya miezi minne, wakanunua mbili tu kwanza. Safari hii bibi mwenyewe alipelekwa dukani kwa tuk-tuk, akazikataa tatu kabla ya kuchagua.