Kuzungusha Miguu Upesi

Wengi hudhani mwendesha baiskeli hodari ni yule akanyagaye kwa nguvu nyingi. Sivyo. Akanyagaye kwa nguvu, polepole, huchosha mapaja mapema. Azungushaye miguu upesi kwa gia nyepesi huigawa kazi ile katika mizunguko mingi. Hivyo ndivyo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alivyoupanda mlima Ventoux katika Tour de France ya mwaka 2013: aliketi, miguu ikaenda mbio, akawaacha wenzake.

Wepesi huo hujifunzwa hata ndani ya nyumba, mvua inyeshapo. Weka baiskeli juu ya stendi imara, gurudumu la nyuma lisiguse sakafu, na mwenzako ashike usukani. Hesabu goti la kulia lipandavyo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Anza na mizunguko 60 kwa dakika. Kila baada ya dakika 3 ongeza 5. Ukianza kurukaruka juu ya kiti, punguza kidogo mpaka mwili utulie.

Mimi nilianza kurukaruka kwenye 75. Baada ya majuma sita nafika 90 nimetulia, na kilima cha sokoni nakipanda bila kushuka. Jaribuni, wenzangu.