Umepona Korona: Je, Moyo Wako Nao Umepona?

Mwaka 2021 mama mmoja, jirani yangu hapa Nkuhungu, aliugua homa na kifua kwa wiki mbili. Siku zile wengi wetu tuliugulia nyumbani bila kupimwa, tukasema tu ni "changamoto ya kupumua". Alipopata nafuu tulimshukuru Mungu, naye akarudi kwenye shughuli zake.

Miezi miwili baadaye, tukitoka kumtazama mgonjwa pamoja na akina mama wa kanisani, alinishika mkono akasema, "Dada nesi, siku hizi ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni naitua mara mbili. Na usiku silali mpaka niweke mito mitatu."

Nilimjibu haraka haraka, "Ni uchovu wa ugonjwa tu, mama. Pumzika, kula vizuri."

Nasema hili kwa aibu, kwa maana mimi ni muuguzi. Mito ile mitatu ilipaswa kunishtua. Baada ya wiki tatu miguu ilimvimba. Alipopimwa hospitalini, moyo ulionekana kusukuma damu kwa nguvu ndogo sana. Alianzishiwa dawa, na leo anaendelea vizuri. Lakini kwa wiki zile zote mumewe alimwona mvivu, nami kwa jibu langu nilikuwa nimemuunga mkono.

Ndiyo sababu ninaandika, mpenzi msomaji, ili wewe usijibiwe kama nilivyomjibu yeye.

Korona inaufikiaje moyo?

Tulizoea kuiita korona ugonjwa wa mapafu. Hata hivyo, virusi hivyo, pamoja na vita vya mwili dhidi yake, vinaweza kusababisha uvimbe katika misuli ya moyo. Damu nayo huweza kuganda ndani ya mishipa, na hewa ya oksijeni inapopungua moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi.

Mwaka 2020 waganga wa Frankfurt, Ujerumani, waliwapiga picha za moyo watu 100 waliokuwa wamepona, wakaona mabadiliko kwa 78. Habari hiyo ilitisha wengi. Lakini mabadiliko katika picha si lazima yawe ugonjwa, na wengi hupona bila shida. Mwaka 2022 uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliohusu askari wastaafu zaidi ya 150,000 waliougua, ulionyesha kwamba katika mwaka uliofuata magonjwa ya moyo yaliwapata zaidi kuliko wasiougua. Hata ambao hawakulazwa walikuwamo. Basi tusiogope kupita kiasi, wala tusipuuze.

Si kila uchovu ni moyo

Mama anaweza kuchoka na kuhema kwa sababu ya upungufu wa damu, kifua kikuu, au tezi ya shingo. Wengine baada ya korona huona moyo ukienda mbio kila wanaposimama, ingawa misuli ya moyo ni mizima. Na mama aliye katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, au aliyejifungua ndani ya miezi mitano, anaweza kupata udhaifu wa moyo unaotokana na uzazi wenyewe, hata kama hakuugua korona. Huwezi kuvitofautisha kwa kukisia. Ni lazima upimwe.

Anza nyumbani

Kaa umetulia kwa dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100. Kisha jiulize: kazi niliyoifanya kabla ya kuugua, leo naiweza? Nalala chali bila kukosa pumzi? Viatu vinanibana jioni? Andika majibu kwenye daftari uende nayo kwa mganga. Mwambie uliugua lini na dalili zake, hata kama huna cheti cha kipimo cha korona.

Vipimo vyenyewe

Anzia zahanati au kituo cha afya. Hapo watapima shinikizo la damu, oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, na wingi wa damu. Ikionekana haja, utaandikiwa rufaa.

Hospitalini kuna ECG. Unabandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni. Usiogope, mashine haikupigi umeme. Inapokea tu umeme wa moyo wako na kuuchora. Kipimo hiki huonyesha mwendo wa mapigo, lakini kinaweza kutoka kizuri huku moyo umedhoofu.

Kipimo kinachoonyesha nguvu ya moyo ni eko. Ni ultrasaundi kama ile ya wajawazito, ila hii hupita kifuani. Vaa blauzi inayofunguka mbele. Katika majibu tafuta herufi EF. Hiyo ni sehemu ya damu inayosukumwa nje kila pigo. Kwa kawaida ni asilimia 55 hadi 70. Ikiwa 35, moyo umechoka na unahitaji dawa. Mganga anaweza pia kuagiza eksirei ya kifua, au kukutembeza kwa dakika sita aone unafika wapi.

Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye wataalamu wa moyo. Wanaohitaji zaidi hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ulizia gharama na bima kabla ya kwenda, usije ukarudi nyumbani bila kupimwa.

Usingoje kesho

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata maumivu ya kifua yanayobana, ukizimia, ukikosa pumzi ukilala, au mapigo yakienda ovyo ovyo. Miguu yote miwili ikivimba, usipitishe wiki.

Na ukiambiwa misuli ya moyo ina uvimbe, jembe na ndoo viwekwe chini kwa miezi mitatu hadi sita, mpaka mganga akuruhusu. Hapo ndipo baba na watoto wanapotakiwa kusaidia. Msomee mumeo ukurasa huu. Wanaume wengi si wakatili, hawajaelezwa tu.

Jirani yangu siku hizi hubeba ndoo ndogo, na kubwa huchotewa na mumewe kabla hajaenda kazini. Nami mama akiniambia amechoka, kabla sijamjibu neno namuuliza kwanza, "Unalala na mito mingapi?"