Giza Lisilo na Maneno: Vitabu vya Picha na Msimulizi wa Kindu

Makala haya yanaeleza namna kitabu cha picha kisicho na maneno kinavyoweza kumsaidia mtoto kuikabili hofu ya giza, na suala la lugha linalozuka pindi kitabu hicho kikifunguliwa mjini Kindu.

Mfano mwafaka ni Flashlight, kitabu cha Mmarekani Lizi Boyd kilichotolewa mwaka 2014. Kurasa zake ni nyeusi. Miti na wanyama huonekana kwa mistari ya kijivu tu. Mtoto anatoka hemani na kurunzi, na popote mwanga unapoangukia, rangi hujitokeza. Baadaye anajikwaa, kurunzi inamponyoka, na wanyama wanammulika yeye. Hakuna anayemwambia asiogope. Msomaji ndiye afunuaye ukurasa; aweza kukawia, aweza kurudi nyuma. Giza limo mkononi mwake, na nguvu ya kitabu, kwa kiasi kikubwa, imo humo.

Hata hivyo, kitabu kisicho na maneno si kitabu kisicho na lugha. Kiswahili cha Maniema, ambacho wataalamu wa zamani walikiita Kingwana, kina sarufi yake, wala hakilingani na sanifu ya Afrika Mashariki. Kifaransa cha shuleni kiko mbali zaidi. Matini iliyochapishwa humfanya mzazi asome kwa kusitasita mbele ya mwanawe, picha haimsahihishi. Lakini yadai fanani. Jambo hili si geni mkoani humo: Walega hutundika vitu vidogo kwenye kamba iitwayo mutanga, kila kitu kikiwakilisha methali, na kitu hicho hakisemi mpaka ajuaye atamke.

Ugumu uko kwingine. Aghalabu vitabu vya hofu ya giza humtuliza mtoto kwa kumwonyesha kwamba gizani hamna kitu. (Boyd, kwa sifa yake, hafanyi hivyo, usiku wake umejaa viumbe.) Kindu ilipitiwa na vita vya 1996 hadi 1997 na vya 1998 hadi 2003, na wazazi wengi wa leo waliujua usiku uliostahili kuogopwa. Mtoto akiuliza ni nani yule nyuma ya mti, mzazi hana sentensi ya kusoma. Atachagua mwenyewe la kusema, au atanyamaza na kufunua ukurasa unaofuata.