Mto, Daraja na Bustani: Jinsi Mji wa Chattanooga Ulivyojenga Mahali pa Familia Kupumzikia

Kila mara bustani ya umma inapotajwa katika kikao cha kupokea maoni kuhusu bajeti, swali huwa ni lile lile: kwa nini tugharamie mahali pa kupumzikia ilhali kuna vijiji ambavyo havijapata maji wala barabara? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Makala haya yanaeleza jinsi mji mmoja wa ukubwa wa wastani nchini Marekani ulivyolijibu, mahali ambapo familia huenda katika mji huo, nani alilipa, na mambo ambayo mkazi wa kaunti anaweza kuyapima anapotoa maoni yake.

Mji wenyewe ni Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, karibu na mpaka wa jimbo la Georgia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao 181,000. Umezungukwa na milima, na Mto Tennessee unapita katikati yake.

Mji wa moshi

Kwa miaka mingi Chattanooga ulitegemea viwanda vya kuyeyusha chuma. Moshi ulinaswa kati ya milima na kubaki juu ya mji. Mwaka 1969 serikali kuu ya Marekani iliutaja kuwa mji wenye hewa chafu kuliko yote nchini humo. Baadaye viwanda vingi vikafungwa, ajira zikapotea, na watu wakaanza kuhama. Kando ya mto palikuwa na maghala na viwanja vilivyoachwa bila kazi, na mtoto wa mjini hakuwa na njia rahisi ya kufika majini.

Hatua ya kwanza ilikuwa sheria za kudhibiti moshi. Hatua ya pili ilikuwa kuuliza watu. Mwaka 1984 uliandaliwa mpango ulioitwa Vision 2000. Kwa muda wa wiki 20, zaidi ya wakazi 1,700 walihudhuria mikutano ya hadhara na kusema wangependa mji wao uweje. Mikutano hiyo ilitoa malengo 40, yakiwemo kuufungua ukingo wa mto kwa wananchi wote na kulinusuru daraja kuukuu lililokuwa likisubiri kubomolewa.

Jumba la samaki

Mradi uliobadilisha sura ya mji ni Tennessee Aquarium, uliofunguliwa mwezi Mei 1992 kwa gharama ya dola milioni 45. Fedha hizo zilitokana na michango ya watu binafsi na wakfu, si kodi. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Jack Lupton, ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na soda: mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga walipata haki ya kutia Coca-Cola kwenye chupa, na babu yake Lupton akajiunga nao katika biashara hiyo.

Jumba hilo limepangwa kama safari ya maji. Mgeni huanzia juu, penye misitu ya milima ya Appalachia, kisha hushuka ghorofa kwa ghorofa akiufuata mto hadi baharini. Humo mna fisi maji, kasa na samaki wakubwa wa mito. Jengo la pili, linalohusu bahari, lilifunguliwa mwaka 2005, na ndani yake mna papa na pengwini. Wataalamu wake pia hulea vifaranga vya samaki waliokuwa wametoweka katika Mto Tennessee na kuwarudisha majini. Hivyo tikiti ya mgeni husaidia pia kuuhifadhi mto.

Mwaka 1995 lilifunguliwa jumba la makumbusho la watoto liitwalo Creative Discovery Museum, umbali mfupi kwa miguu kutoka hapo. Katika jumba hilo mtoto haambiwi asiguse. Hujifunza kwa kucheza na maji, kujenga na kupiga ala za muziki.

Mahali pasipo na kiingilio

Sehemu zote mbili tulizotaja huhitaji tikiti, na kwa familia yenye watoto wengi gharama si ndogo. Ndiyo sababu sehemu za bure zina uzito mkubwa zaidi katika hadithi ya Chattanooga.

Mojawapo ni Walnut Street Bridge, daraja la chuma lililojengwa kati ya mwaka 1890 na 1891. Lilifungwa kwa magari mwaka 1978 kwa kuwa halikuwa salama. Wakazi waliomba libaki, na fedha zilizokuwa zimetengwa za kulibomoa zikaelekezwa katika kulikarabati. Wananchi nao walichanga, na majina yao yakawekwa darajani. Lilifunguliwa tena mwaka 1993 kwa wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Lina urefu wa takriban mita 724, na jioni hujaa wazazi wakisukuma vigari vya watoto.

Ng'ambo ya daraja ni Coolidge Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1999. Ina nyasi pana, chemchemi ambazo watoto huogea wakati wa joto, na bembea kubwa ya kuzunguka yenye wanyama wa mbao waliochongwa. Njia ya kutembea ya Tennessee Riverwalk nayo hufuata mto kwa zaidi ya kilomita 20.

Usafiri pia ulifikiriwa. Mwaka 1992 mji ulianzisha mabasi madogo ya umeme katikati ya mji, yasiyotoza nauli. Majengo ya kuegesha magari yalijengwa kwenye miisho ya njia ya mabasi hayo, na ada ya maegesho ikasaidia kuyaendesha. Mwenye gari hulipa maegesho, na asiye na gari husafiri bure.

Milimani na chini ya ardhi

Kabla ya hayo yote, wageni walikwenda Chattanooga kwa ajili ya mlima wa Lookout Mountain. Treni ya kupanda mlima huo ilianza kazi mwaka 1895 na bado inapanda mteremko mkali ajabu, ikivutwa kwa kamba ya chuma. Leo inasimamiwa na mamlaka ya usafiri wa umma. Ndani ya mlima mna Ruby Falls, maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 44 yaliyo pangoni. Yaligunduliwa mwaka 1928 na Leo Lambert, ambaye aliyapa jina la mkewe. Juu ya mlima, upande wa Georgia, kuna bustani ya mawe ya Rock City, iliyofunguliwa mwaka 1932.

Kumbukumbu ambazo hazikufichwa

Familia inayotembea Chattanooga hukutana pia na historia chungu. Kutoka ukingo huo huo wa mto, mwaka 1838, watu wa jamii ya Cherokee walifukuzwa kwenye ardhi yao na kupelekwa mbali magharibi, na maelfu wakafa katika uhamisho huo. Njia ya maji iliyo kando ya jumba la samaki, ambapo watoto huchezea, imejengwa kuwakumbuka.

Daraja nalo lina kumbukumbu yake. Mwaka 1906 kijana Mweusi, Ed Johnson, alinyongwa hapo na umati, ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeagiza adhabu yake isimamishwe. Mahakama hiyo ilimshtaki mkuu wa usalama wa eneo hilo, Joseph Shipp, na mwaka 1909 ikampata na hatia ya kuidharau. Hukumu dhidi ya Johnson ilifutwa mwaka 2000. Mnara wa kumkumbuka, pamoja na mawakili wake wawili Weusi, Noah Parden na Styles Hutchins, ulizinduliwa penye daraja mwaka 2021. Mzazi anayepita hapo na mtoto wake ana la kumweleza.

Hili linatuhusu vipi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani, pamoja na utalii wa humu humu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inataka wananchi washirikishwe katika mipango. Kaunti zetu hazina matajiri wa soda wa kuchanga dola milioni 45, na kilichofaa Tennessee huenda kisifae hapa. Hata hivyo, kuna maswali manne ambayo mkazi anaweza kuyauliza mradi wa aina hii unapoletwa mbele yake:

1. Nani atalipa? Je, ni kodi, michango, ada ya maegesho au viingilio?
2. Ni sehemu gani itabaki bure, ili mtoto wa asiye na kitu naye aingie?
3. Nani atatunza mahali hapo baada ya uzinduzi, na kwa bajeti gani?
4. Je, wanaoishi au kufanya biashara hapo sasa watabaki na nafasi yao? Hata Chattanooga, bei za nyumba karibu na mto zimepanda, na wenye kipato kidogo wameumia.

Hifadhi ya mto, chanzo cha maji au kiwanja cha umma kikishanyakuliwa, kukirudisha ni kazi ya miaka mingi. Kukitenga mapema ni rahisi zaidi. Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano hueleza miradi iliyokusudiwa katika kila wadi. Mkazi anaweza kuomba kuusoma katika ofisi ya msimamizi wa wadi, kuwasilisha maoni yake kwa maandishi au kuyatoa kwa mdomo katika kikao cha wananchi. Wale watu 1,700 wa mwaka 1984 walianzia hapo: walifika mkutanoni na kusema walichotaka.