Simbilisi, Majani Machungu na Ugonjwa wa Sukari

Barua zitufikiazo kutoka Birere, Ndosho na Katindo, mitaa ya Goma, zarejea swali moja: je, maji ya mubirizi, ule mti wa majani machungu, huponya ugonjwa wa sukari, na ikiwa wataalamu wamejaribu miti ya namna hiyo kwa wanyama na sukari ikashuka, mbona daktari angali anashikilia insulini? Waulizao si wajinga, maana insulini ni ghali, nayo yataka kuhifadhiwa baridini katika mji ambao umeme wake haudumu, ilhali mubirizi waota uani bila gharama.

Kwanza tuiondoe hoja isikikayo kila soko, kwamba uchungu wa jani huufukuza utamu wa damu. Glukosi haipungui kwa kupambanishwa na uchungu; hupungua kwa kuingia misulini, kwa ini kuzuiwa lisiitoe, au kwa kutoka na mkojo. Na yule akondaye, mwenye kiu isiyokatika, ambaye majirani husema amelishwa sumu iitwayo karuho, apimwe sukari kabla hajatapishwa.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya mimea 9 itumiwayo huko kwa ugonjwa huu, ambayo waliichemsha na kuwanywesha simbilisi, wanyama walewale ambao kwetu Kivu hufugwa jikoni kwa ajili ya nyama. Wakawapa na glukosi, wakaipima damu, wakaona baadhi ya mimea yazuia sukari isipande mno. Kazi hiyo yastahili heshima. Lakini simbilisi hao walikuwa wazima, kongosho zao zikitoa insulini kama ada, na kumsaidia mzima si sawa na kumsaidia aliyepoteza uwezo huo.

Ili kumpata mnyama mgonjwa, aghalabu hutumiwa kemikali iitwayo aloksani, ambayo tabia yake ilidhihirika Glasgow mwaka 1943, pale mtafiti Shaw Dunn na wenzake, wakichunguza figo za sungura kwa sababu ya majeruhi waliopondwa na vifusi, walipoona kongosho ndiyo iliyoharibika. Umbo la aloksani lashabihi glukosi, hata seli ya beta, ile itoayo insulini katika kongosho, huipitisha katika mlango uleule wa glukosi. Ikiisha kuingia huzaa oksijeni kali ziiunguzazo seli kwa ndani, nayo seli hiyo, tofauti na zile za ini, haina kinga ya kutosha. Ajabu ni mwenendo wa sukari baada ya hapo: kwanza hupanda, kwa kuwa insulini imezuiliwa, saa chache baadaye huporomoka, kwa kuwa seli zinazokufa hupasuka na kumwaga insulini yote ziliyoiweka akiba, hata mnyama asiponyweshwa maji ya sukari aweza kufa, kisha hupanda tena na kubaki juu. Basi ampaye mnyama majani katika saa zile za kuporomoka, bila kundi la pili lililonyweshwa maji matupu, ataapa kwamba dawa yake ni mujarabu, kumbe ameshuhudia seli zikifa.

Kwa sababu hiyo jaribio la mwaka 1977 lina ibra kubwa: fetidini, iliyotolewa katika umwishywa, mtambaazi tuujuao sote, ilishusha sukari ya panya wazima walionyimwa chakula, lakini kwa panya wa aloksani haikufaa kitu.

Hayo yote wauzaji wa chupa za rangi ya kahawia hawayajui wala hawataki kuyajua. Chupa moja, wasema, yatibu sukari, shinikizo la damu, utasa na mikosi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kile kikombe cha dawa cha Loliondo, Tanzania, mwaka 2011, ambacho maelfu walikifuata, na miongoni mwao wakawamo walioziacha dawa zao.

Wala siidharau miti. Metformini, dawa ya sukari ambayo daktari Jean Sterne aliwapa wagonjwa wake Ufaransa na kuitangaza mwaka 1957, asili yake ni uchunguzi wa galega, mmea ambao wenyewe huua kondoo. Ilibidi wataalamu waiache sumu, waunde kiini kilicho salama, wapime kipimo chake, ndipo wampe binadamu.

Kwa ufupi: usiache insulini wala vidonge; ukinywa majani, mwambie daktari, maana yakiongezwa juu ya dawa sukari yaweza kushuka ukazimia; na ukitapika, ukahema kwa kasi na pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva mno, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Na mganga mwenye jani analoliamini alipeleke maabara likapimwe. Akataaye kupimwa lakini hakatai fedha ni mwizi, na akiibacho ni macho, figo na miguu ya watu.